Spika Kubwa Ndani ya Buti

Mwezi huu tumeletewa swali na mama mmoja wa kikundi chetu. Yeye na mumewe wamenunua gari lililokwisha kutumika, na kwenye buti wamekuta spika kubwa ya besi pamoja na amplifaya yake. Mtoto wao wa miaka minne hukaa kiti cha nyuma, mgongo kwa spika. Baba asema yatosha kupunguza sauti. Mama ataka mtambo wote utolewe.

Sisi tunasimama na mama. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti, navyo vikifa haviponi wala havioti tena. Kwa mtu mzima kazini, wataalamu huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila ikiongezeka desibeli 3, muda hupungua nusu: desibeli 88 ni saa 4, na desibeli 100 ni robo saa tu. Mtoto mdogo hajui kueleza kwamba sikio lake linavuma. Huitwa asiitike, nasi twamchapa tukidhani ni mkaidi! Wa namna hiyo apelekwe hospitali apimwe masikio. Huenda ni nta tu. Tena sauti hupunguzwa na yule aliye kwenye usukani, na Jumamosi gari huazimwa na shemeji.

Kazi ya kutoa mtambo huu si kubwa, ila ina hatari moja ambayo mafundi wa haraka huiacha. Kwanza tafuteni namba ya siri ya redio katika kitabu cha gari, maana redio nyingine hujifunga betri ikitolewa. Zimeni gari, kisha fungueni waya wa hasi (–) wa betri. Kwa magari mengi ya Japani ni spana namba 10. Msianze na wa chanya (+), kwa kuwa spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja hutoa cheche kali. Ndipo zitolewe nyaya za spika na amplifaya. Sanduku lile ni zito. Mama mjamzito asilinyanyue.

Sasa ile hatari. Amplifaya hupata umeme kwa waya mnene, mara nyingi mwekundu, unaotoka moja kwa moja kwenye betri na kupita chini ya zulia hadi buti. Fundi akikata upande wa buti na kuuacha, waya huo una umeme usiku na mchana, hata gari likiwa limezimwa. Ncha ikigusa chuma ni shoti, na kama hauna fyuzi karibu na betri, gari laweza kuungua. Ufunguliwe kwenye betri na kuvutwa wote nje.

Msimlipe fundi kabla hajawaonyesha ncha zote mbili za waya huo mkononi mwake.