Aliyebebwa Hakuruka

Ipo sentensi fupi isemwayo karibu kila siku kando ya Ziwa Phewa, katika mji wa Pokhara nchini Nepal, na kila isemwapo ukweli hupungua kidogo. Sentensi yenyewe ni hii: nimeruka kama ndege. Huisema mgeni aliyeshuka ardhini punde hivi, magoti yakingali yanamtetemeka, akimwonesha mwenzake picha zake za angani. Hakuna amsahihishaye. Mwenye biashara hamsahihishi, kwa kuwa maneno hayo ndiyo aliyoyaandika kwenye ubao wake. Rubani hamsahihishi, kwa kuwa anakunja kitambaa chake upesi alidiriki gari la kurudi mlimani. Hata washairi, ambao kazi yao ni kuyalinda maneno, wakisikia habari za mchezo huu hukimbilia tashbihi ile ile ya mtu na ndege, na kuipamba.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitamka na nzito kuikubali: mgeni huyo hakuruka. Alirushwa. Alibebwa na mtu mwingine ambaye jina lake, mara nyingi, halikumbuki tena ifikapo jioni. Na kosa hilo si dogo kama linavyoonekana.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, mambo huenda hivi. Asubuhi gari huwapandisha wageni kutoka ziwani hadi kilima cha Sarangkot, ambacho kimefika takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya maradufu ya kimo cha ziwa. Kaskazini imesimama safu ya Annapurna, ambayo kilele chake kikuu kina mita 8,091, na mbele yake umechomoza Machapuchare, mlima mtakatifu wa mita 6,993 ambao jina lake maana yake ni mkia wa samaki. Mteremkoni hutandazwa bawa la kitambaa chepesi, lenye vyumba vilivyo wazi upande wa mbele ili upepo uingie na kulijaza hata likaze. Kamba nyembamba nyingi hushuka kutoka kwenye bawa hilo hadi kwenye mikanda ya watu wawili: abiria mbele, rubani nyuma yake. Rubani huungoja upepo wa mbele, huliinua bawa, huamuru kukimbia, na wote wawili hukimbia kuteremka mpaka miguu ikose ardhi. Baada ya nusu saa hivi wamekwisha tua kando ya ziwa.

Katika yote hayo, mgeni alifanya nini? Alikimbia hatua kadhaa. Tena wapo wanaoketi kabla ya wakati, wakamwachia rubani mzigo wa kuwakimbilia. Yaliyobaki aliyafanya mtu wa nyuma.

Na aliyoyafanya si haba. Jua la asubuhi huyapasha moto mawe, mashamba na mapaa ya nyumba. Hewa iliyopata joto huwa nyepesi, ikapanda kama nguzo ya moshi usioonekana. Rubani huitafuta nguzo hiyo, huingia ndani yake na kuzunguka humo, mzunguko juu ya mzunguko, akipanda bila injini wala tone la mafuta. Dalili zake ni tai na mwewe wazungukao bila kupiga mbawa, wingu linaloanza kuota mahali palipokuwa patupu, na kidude kidogo kinacholia upesi upesi bawa linapopanda na kubadili sauti linaposhuka. Juu ya maji ya ziwa, ambayo mchana huwa baridi kuliko nchi kavu, hewa haipandi hivyo. Huko ndiko aendako rubani anapotaka kukipunguza kimo chake. Asipoyajua haya, bawa lile ni shuka tu.

Msomaji wa pwani hana haja ya kufunzwa elimu hii ni ya namna gani. Ni ndugu ya elimu ya nahodha, ajuaye kusi na kaskazi, ajuaye umande utokao bara alfajiri, asomaye mwamba katika rangi ya maji. Bawa la Sarangkot ni tanga lisilo na chombo chini yake. Basi na aulizwe yeyote aliyepata kupanda jahazi kutoka Unguja kwenda Pemba: aliposhuka, alithubutu kusema kwamba ameendesha jahazi? La hasha. Alisema amesafiri, amevuka, amefika. Angedai zaidi ya hapo, mabaharia wangemcheka hadharani.

Kiswahili, kwa hakika, hakimwachii mtu mwanya wa kujificha katika jambo hili. Vitenzi vyake vina kauli, na kauli hizo zina uadilifu wa mizani. Ruka, rusha, rushwa, beba, bebwa, chukua, chukuliwa. Kwa badiliko dogo tu la neno lugha hubainisha nani alitenda na nani alitendwa. Kiingereza hakina haya ya namna hiyo: kitenzi kimoja hutumiwa na rubani na abiria sawasawa, na wote wawili husema wameruka. Mswahili aendaye Dubai hasemi ameruka hadi Dubai. Husema amepanda ndege. Hiyo ndiyo adabu ya lugha iliyokwisha kufikiri. Anayeiacha ili aseme kama watalii wasemavyo hakuongeza neno katika Kiswahili. Amekipunguzia Kiswahili ukweli wake.

Tena itazamwe picha. Kwa kuwa abiria hukaa mbele, kamera iliyofungwa kwenye fimbo humwona yeye kwanza, uso mzima, meno yote nje. Nyuma ya bega lake huonekana nusu ya kofia ngumu na mkono ulioshika kamba. Mkono huo ndio ulioshika uhai wa wote wawili. Picha hufika nyumbani, hukatwa pembezoni ili ipendeze, na mkono hutoweka. Hivyo ndivyo mtendaji anavyofutwa: bila chuki, bila kukusudia, kwa kupamba tu.

Pwani hii inaijua gharama ya kufutwa huko, tena kwa habari za maziwa. Mwezi Juni 1857 msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke uliondoka Unguja kuelekea bara. Mwezi Februari 1858 ulifika Ujiji. Burton alikuwa hoi, miguu imemkataa, amechukuliwa na watu sehemu ya njia. Speke alikuwa na maradhi ya macho, hata hakuweza kuliona vyema ziwa alilotoka mbali kulitafuta. Mmoja hakutembea na mwingine hakuona, lakini vitabu vikaandika kwamba wawili hao ndio waliogundua Tanganyika. Mwezi Agosti mwaka huo huo Speke alifika Nyanza, akalipa jina la malkia wake. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akaishi India, akarejea Unguja akiwa huru, na ambaye baadaye alihudumu pia katika misafara ya Stanley na Cameron. Ni kweli kwamba Speke alimsifu Bombay katika maandishi yake. Lakini sifa si haki. Ramani haikumtaja, na mtoto wa shule aliyejibu kwamba ziwa liligunduliwa na Bombay angekosa alama.

Kutoka kitanda cha Burton hadi mikanda ya Sarangkot mwendo si mrefu kama inavyodhaniwa. Bila shaka rubani wa leo ana leseni na ujira, na hakuna amlazimishaye. Kumfananisha na mpagazi wa karne ya 19 kwa kila jambo ni kuzidisha chumvi. Kinachofanana ni sarufi. Kule aliyebebwa aliandika kwamba alikwenda. Huku aliyebebwa anasema kwamba aliruka. Na Kilimanjaro nako, chenye mita 5,895, mamia ya wageni husema wamekipanda, ilhali mahema, maji na chakula vilipandishwa na vichwa na migongo ya watu wasiotajwa.

Watakuwapo watakaopinga. Wa kwanza atasema: mgeni amelipa, na aliyelipa ana haki. Naam, ana haki ya alichokinunua. Alinunua kiti, mandhari na usalama kwa nusu saa. Hakununua tendo, kwa sababu tendo halina bei. Mwenye kumlipa fundi seremala humiliki mlango, hawi seremala.

Wa pili atasema: huo ni ushairi, na mshairi ana uhuru wake. Uhuru huo upo, na wapenzi wa tungo wanaujua mpaka wake. Mshairi ameruhusiwa kulikata neno ili mizani itimie, kulirefusha ili kina kipatikane, kuliazima kutoka lahaja nyingine. Hakuruhusiwa kumpa mtu kitendo cha mwenzake. Mapokeo yenyewe ya tenzi yanashuhudia kinyume: watunzi wengi walijali kumtaja mtunzi ni nani. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, mwaka ule ule ambao Speke alifika Nyanza, unamtaja mtunzi wake, unataja Pate alikozaliwa, na unataja tarehe. Mama mgonjwa, akimwusia binti yake, hakuona uzito kuonesha kazi ni ya nani. Mwaka mmoja, mafunzo mawili: la Pate ndilo la kufuatwa.

Wa tatu, na huyu ndiye wa kuheshimiwa zaidi, atasema: mnamnyang'anya mgeni furaha yake. Hofu aliyoipata pale miguu ilipokosa ardhi ilikuwa ya kweli. Utulivu uliofuata, ziwa chini kama kipande cha kioo na theluji mbele ya macho, ulikuwa wa kweli. Hakuna anayekana hayo. Lakini furaha hiyo ilitoka wapi? Haikutoka katika uwezo wa mgeni, bali katika kuuachia uwezo wake. Alimkabidhi uhai wake mtu asiyemjua, naye akaupokea na kuurudisha ukiwa mzima. Hiyo ni amana, na amana ni jambo zito kuliko kuruka. Kubebwa si aibu. Kila mtu aliingia duniani kwa kubebwa, na ataondoka kwa kubebwa. Aibu ni kumkana mbebaji.

Na yupo atakayeguna kwamba huu ni ugomvi wa maneno tu. Na aende akasimame Sarangkot siku ambayo upepo umegeuka. Msimu wa mvua, Juni hadi Septemba, mawingu huufunika mlima. Hata katika miezi mizuri, alasiri pepo za bondeni hupata nguvu na ngurumo hujikusanya nyuma ya vilele. Siku hizo neno lenye thamani kuliko yote katika kazi ya rubani ni hili: leo hapana. Mgeni ajuaye kwamba anabebwa hulisikia neno hilo kama abiria wa jahazi asikiavyo nahodha akisema bahari imechafuka. Hushukuru, akarudi kunywa chai. Mgeni aliyeaminishwa kwamba yeye ndiye mwenye kuruka hulisikia kama ubishi wa mtumishi. Ndege yake inaondoka kesho, fedha amekwisha toa, picha amekwisha ahidi. Hunung'unika, hudai, hutafuta mwingine mwenye njaa zaidi. Hapo neno lililoanza kama majivuno limekuwa shinikizo, na shinikizo likishinda maarifa angani, ardhi ndiyo huhukumu.

Ipo namna nyingine ya kulisimulia bawa la watu wawili, nayo imetoka Nepal yenyewe. Mwezi Mei 2011 Sano Babu Sunuwar, rubani wa Pokhara, na Lakpa Tsheri Sherpa, kiongozi wa wapanda milima, waliondoka pamoja kwenye kilele cha Everest chini ya bawa moja. Sunuwar hakuwa mzoefu wa milima mirefu. Lakpa hakuwa rubani mzoefu. Katika kupanda, mjuzi wa mlima alimfikisha mjuzi wa upepo. Katika kushuka, mjuzi wa upepo akamfikisha mjuzi wa mlima. Kisha wakaendelea na safari hadi Ghuba ya Bengali, bahari ya chumvi. Hapana aliyejinyakulia tendo la mwenzake. Majina yao hutajwa pamoja, na yakitajwa moja moja hadithi huharibika.

Kiswahili kina neno la hali hiyo, na si ruka wala rushwa. Kutoka chukua hupatikana kuchukuana: kubebana, kuvumiliana, kufaana. Neno hilo husemwa kwa mume na mke, kwa majirani, kwa nguo na rangi zake. Linafaa pia kwa watu wawili waliofungwa pamoja juu ya Ziwa Phewa, mmoja akitoa elimu na mwingine akitoa imani yake. Mshairi atakayekwenda Pokhara, na waende wengi, alitafute shairi lake humo. Amwache ndege mahali pake. Na kabla ya kushika kalamu, na amwulize jina yule mtu wa nyuma.