Bomba Kubwa, Injini Ndogo

Umezuka mtindo miongoni mwa vijana wa mijini wa kulivua gari dogo ekzosi yake na kulivisha ya Subaru yenye turbo. Wanashikilia kwamba moshi ukipata njia pana, nguvu huongezeka. Dai hilo ni potovu. Injini ya lita 1 isiyo na turbo, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huvuta hewa isiyozidi takriban lita 1,500. Kipenyo cha bomba kikitoka inchi 1.5 hadi 3, nafasi ya kupitia huwa mara nne, na kasi ya moshi hushuka hadi robo. Ilhali kasi hiyo ndiyo inayosaidia kufyonza mabaki ya moshi silindani! Ikipungua, gari huzubaa linapong'oa nanga, na mlimani ndiko aibu ilipo. Turbo ni kisa kingine, maana hunufaika na njia pana mbele yake. Kinachoongezeka kwa hakika ni mngurumo, ingawa Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009. Fundi ayajuaye haya, akanyamaza, akachomelea na kupokea ujira, ana lawama kubwa kuliko kijana aliyemlipa.