Kifuu na Kauri Kabla ya Daftari

Mzazi wa zama hizi, amwendeapo mwalimu wa chekechea kuuliza hali ya mwanawe, aghalabu hutaka kwanza kuoneshwa daftari. Na akilikuta halina safu za herufi na hesabu zilizosahihishwa kwa wino mwekundu, hurudi kwake na dhana ya kuwa ada yake imepotea bure na mtoto ameshindishwa mchezoni. Dhana hiyo ni batili, tena ina madhara, maana huwalazimisha walimu kuwakalisha watoto wa miaka mitatu na minne wakinakili ubaoni yale ambayo akili zao hazijawa tayari kuyapokea, wala vidole vyao havijapata nguvu ya kuyaandika.

Sisi watu wa pwani tunao mfano ulio bora, nao ulizaliwa papa hapa. Katika mwaka wa 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya, wakisikitika kuona watoto wao wameachwa nyuma katika elimu, walimwomba Mtukufu Aga Khan msaada. Na katika ombi hilo ukatoka Mpango wa Madrasa, ulioanzia Mombasa chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said, kisha ukavuka kwenda Zanzibar na Uganda. Wanawake wa mitaani walifundishwa ualimu, jamii ikamiliki shule zake, dini na mila zikaheshimiwa, na vifaa vikatafutwa katika mazingira ya mtoto mwenyewe. Mtoto atiaye kauri tatu ndani ya kifuu cha nazi, akatoa moja, akamwambia mwenziwe zimesalia ngapi, amekwisha kuijua hesabu ya kutoa kabla hajaiona alama yake. Na katika kubishana naye kwa lugha ya mamaye, amejifunza pia kusema, kusikiliza na kungoja zamu. Hayo yote daftari haliwezi kuyaonesha. Lakini uchunguzi wa Peter Mwaura na wenziwe, uliotolewa mwaka 2008, ulionesha kuwa watoto wa shule hizo waliwapita kwa maendeleo ya akili wenzao waliobaki nyumbani, na hata waliosoma chekechea nyinginezo.

Tanzania, kwa sera yake ya mwaka 2014, ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, jambo la kushukuriwa sana. Ila kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi ya umma yana watoto maradufu ya hao na zaidi; humo hata mwalimu hodari hana budi kushika chaki na kuitikiza kwaya ya a, e, i, o, u. Wakati walimu wapya wakisubiriwa, halmashauri zetu zingeweza kuwatafuta wanawake wa mitaa ileile, zikawapa mafunzo ya kweli na ujira wa kila mwezi usiokawia, wakaketi mkekani na watoto hao kumi kumi, kama walivyofanya wenzao wa Mombasa.