Mwanafunzi wa Mitandao ya Kompyuta na Apime Mwenyewe

Si ajabu kumkuta mwanafunzi wa shahada ya pili katika fani ya mitandao ya kompyuta akiwa amekwisha kusoma makala nyingi za utafiti, ilhali hajapata hata mara moja kupima mwendo wa ujumbe katika mtandao wa chuo chake. Anajua nani aliandika nini na katika mwaka gani. Lakini akiulizwa kwa nini mtandao wa bweni lake huzorota kila ifikapo saa mbili usiku, hana la kujibu. Mafunzo ya namna hii huufanya utafiti uwe kitu cha kusomwa tu, na hayafai kuendelea hivyo.

Fani yenyewe ilipata mojawapo ya maarifa yake makubwa kwa kupima. Mwezi Oktoba 1986, mawasiliano baina ya Lawrence Berkeley Laboratory na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, majirani wasiotengana hata nusu kilometa, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Waya hazikuwa zimekatika. Van Jacobson wa maabara hiyo, pamoja na Michael Karels wa chuo kikuu, walianza kuchunguza safari ya vifurushi, yaani vile vipande vidogo ambavyo kompyuta huugawa ujumbe kabla ya kuupeleka. Ilidhihirika kwamba kifurushi kilipopotea katika msongamano, kompyuta ilikituma upya bila kupunguza kasi, na kwa kufanya hivyo ikauzidisha msongamano ule ule uliokipoteza. Ni kama magari kwenye lango la kivuko: kila dereva akisukuma mbele kwa sababu foleni haisogei, foleni ndiyo husimama kabisa. Dawa waliyoieleza katika makala yao ya mwaka 1988 ni kwamba kila kompyuta ianze kutuma polepole, iongeze kasi kwa kadiri, na ipunguze mara ionapo dalili za msongamano. Misingi hiyo ingali inatumika hadi leo.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kale, na kwamba wataalamu wa leo wamekwisha kuyapita. La hasha. Mwaka 2016 wahandisi wa Google, Jacobson mwenyewe akiwa miongoni mwao, walitangaza njia mpya ya kudhibiti msongamano iitwayo BBR, ambayo haingoji vifurushi vipotee bali hukadiria uwezo wa njia na muda wa safari. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa mazuri sana. Hata hivyo, mwaka 2019 watafiti wengine waliipima wao wenyewe na kuonyesha kwamba, katika hali fulani, mkondo mmoja tu wa BBR huweza kutwaa takriban asilimia 40 ya uwezo wa njia hata unapoitumia pamoja na mikondo 16 ya aina ya zamani. Aliyesoma makala ya kwanza na kuikariri hakuweza kulijua hilo. Aliyeirudia kazi hiyo kwa mikono yake ndiye aliyeligundua.

Chuo Kikuu cha Stanford kimeonyesha kwamba wanafunzi nao wanaweza kufunzwa hivyo. Katika somo la juu la mitandao, wanafunzi huenda wawili wawili, huchagua makala iliyokwisha kuchapishwa, na hujaribu kuyapata upya matokeo yake. Taarifa iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kwamba katika miaka mitano zaidi ya wanafunzi 200 walikuwa wamerudia makala zaidi ya 40. Programu waliyoitumia mara nyingi, Mininet, hutolewa bure, nayo huweza kuunda mtandao mzima wa kubuni ndani ya kompyuta moja ya kawaida. Kwa hiyo udhuru wa kukosa maabara ya fedha nyingi hauna nguvu tena.

Upo udhuru wenye uzito zaidi, nao ni muda. Shahada ya pili ni fupi, na mwanafunzi hutakiwa alete jambo jipya. Msimamizi huona kuwa kurudia kazi ya mwingine ni kupoteza miezi. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini jambo jipya lililojengwa juu ya matokeo ambayo mwanafunzi hakuyahakikisha ni nyumba juu ya mchanga, na mara nyingi ni pale matokeo yanapokataa kulingana na yale yaliyochapishwa ndipo swali jipya la kweli huzaliwa.

Kwa vyuo vya Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mawasiliano na nchi za mbali ilitegemea satelaiti. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika na nchi kadhaa za eneo hili zikabaki na mtandao dhaifu. Tena, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa kwa vipimo kutoka majumbani nchini Kenya, Tunisia na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba mara nyingi ujumbe uliokusudiwa kubaki Afrika ulizungushwa kupitia Ulaya. Ni nani atakayeendelea kuyapima haya mwaka hadi mwaka, kama si wanafunzi wanaoishi na matatizo hayo kila siku?

Wala si lazima kungojea chuo kikuu. Nuru katika uzi wa kioo husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ni yapata kilometa 670 kwa mstari ulionyooka, hivyo safari ya kwenda na kurudi ingeweza kuchukua kama milisekunde 7. Hadi London na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 70. Amri ya ping imo katika takriban kila kompyuta ya shule. Mwalimu wa fizikia awape wanafunzi anwani ya kompyuta iliyopo Nairobi, nao waseme kama jibu limepitia Ulaya.