NAFASI YA MWALIMU SI KIBARUA



Wako watakaouliza kwa nini karatasi hii ya wafanyakazi wa reli yajitia katika mambo ya walimu. Watasema walimu wana vyama vyao, KNUT na KUPPET, na viongozi wao wana midomo ya kusema. Twawajibu mara moja. Shule ya serikali ni shule ya mtoto wa mfanyakazi. Tajiri hana shauri nayo, kwa kuwa mtoto wake yuko katika shule ya kulipia. Mtoto wa dereva wa gari la moshi, wa mlinzi wa stesheni, na wa yule apigaye nyundo njiani chini ya jua, ndiye anayekaa darasani akingoja mwalimu asiyekuja. Tena, hili ambalo mwalimu anafanyiwa, sisi twalijua kwa jina lake tangu zamani. Jina lake ni kibarua.

Tazameni mambo yalivyokwenda. Mwaka 2019 Tume ya Kuajiri Walimu, ile watu waiitayo TSC, ilianzisha mpango wa kuwachukua walimu kwa jina la wanagenzi. Mwaka 2023 watoto wa Gredi ya 7 walipoanza sekondari ya chini, walimu walitakiwa kwa wingi na kwa haraka. Basi maelfu ya vijana wakaingizwa kwa mlango huo wa uanagenzi. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Malipo kwa mwalimu wa sekondari yalikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na hizo ni kabla ya makato. Pensheni hakuna.

Sasa sisi wa reli tuna haki ya kuuliza: mwanagenzi ni nani? Katika karakana zetu mwanagenzi ni mtu ambaye hajaijua kazi. Huwekwa kando ya fundi. Fundi humwonyesha, humsahihisha, na akikosea fundi ndiye ajibuye. Haachwi peke yake na injini, kwa kuwa injini ikiharibika watu watakufa. Akimaliza miaka yake hupewa cheti, na tangu siku hiyo haitwi mwanagenzi tena. Huitwa fundi, na hulipwa kama fundi.

Mwalimu huyu wanayemwita mwanagenzi amekwisha kumaliza chuo. Ana cheti chake. Ameandikishwa na Tume yenyewe na kupewa nambari ya mwalimu. Alikwisha kufanya mazoezi ya kufundisha alipokuwa chuoni, mbele ya wakaguzi. Anapofika shuleni haketi kando ya fundi yeyote. Hupewa darasa zima, na mara nyingine masomo ambayo hakuyasomea, kwa sababu wenziwe hawatoshi. Asahihisha mitihani, na mtoto akianguka yeye ndiye aulizwaye. Hiyo ni kazi ya fundi kamili kwa malipo ya mtu ajifunzaye. Nyapara wa njia akifanya hivyo kwa watu wake tungemwita mwizi wa jasho. Mkubwa mwenye tai akifanya hivyo, je, tumwite nani?

Wala si sisi peke yetu tusemao hivi. Tarehe 17 Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilisema kwamba kuwachukua walimu waliohitimu na kuandikishwa, kisha kuwaita wanagenzi, ni kuvunja haki yao ya kutendewa sawa kazini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mtu haki hiyo. Kifungu cha 237 chaiagiza Tume iwaajiri walimu walioandikishwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba iwaazime kwa nusu ya bei.

Je, baada ya hukumu walimu walipewa haki yao kwa upole? Hapana. Tume ilikata rufani. Mwezi wa Mei 2024 vijana walitoka madarasani, wakaandamana mjini baada ya mji, na wengine wakaandikiwa barua za kuwatisha. Hata hivyo hawakurudi nyuma. Mwishowe Serikali ikaahidi, na mwanzoni mwa mwaka 2025 zaidi ya walimu 40,000 wakaingizwa katika kazi ya kudumu. Twawapongeza. Waliyapata kwa miguu yao wenyewe na kwa sauti zao wenyewe.

Lakini sikieni lililofuata. Kabla hata wino haujakauka, Tume ilikuwa imekwisha kutangaza nafasi nyingine 20,000 za uanagenzi, na mwaka ule ule wa 2025 watu wapya wakaingia kwa jina lile lile. Waliokuwa ndani wametolewa jela, na jela haikuvunjwa, wametiwa wengine. Hapo ndipo twaona ya kuwa jambo hili halikuwa haja ya dharura ya mwaka mmoja. Limekuwa ndiyo desturi ya kuajiri. Kila mwalimu sharti kwanza auzwe kwa bei rahisi, ndipo afikiriwe kuwa mtu.

Ndugu zetu, haya si mapya. Zamani za ukoloni mwalimu Mwafrika alikuwa na waajiri wengi: huyu aliandikwa na misheni, yule na baraza la wilaya, na mwingine na Serikali. Kazi ile ile, masharti mbali mbali. Aliyekosana na msimamizi wa shule aliweza kupoteza kazi yake, na asiwe na pa kulalamika. Ndiyo maana walimu wakaunda KNUT mwaka 1957, na shauri lao kubwa lilikuwa moja: tuwe na mwajiri mmoja na masharti mamoja. Tume ya Kuajiri Walimu ilipatikana kwa vita hivyo, mwaka 1967. Tume hiyo ni mtoto wa mgomo na wa umoja. Ni aibu mtoto huyo akirudisha masharti mbali mbali ndani ya ofisi moja ya walimu.

Kisha mwaka 1998 Serikali ilifunga mlango. Hadi hapo aliyemaliza chuo cha ualimu alikuwa akipangiwa kazi. Tangu hapo wakawa wakichukuliwa wachache tu, kuziba pengo la waliokufa, waliostaafu na walioacha. Mwaka 2003 ada ya shule za msingi ikaondolewa, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia madarasani. Jambo jema sana. Lakini ni nani aliyewaza kwamba mtoto akiongezeka, mwalimu naye sharti aongezeke? Mwaka 2011 Serikali ilitaka kuwaweka walimu wapata 18,000 katika mikataba. Walimu waligoma mwezi wa Septemba, na ndipo wale wa mikataba wakakubaliwa kuwa wa kudumu. Miaka minane baadaye jambo likarudi, limebadili kanzu tu: si mkataba tena, ni uanagenzi.

Sasa tuwajibu wale wanaoitetea desturi hii.

Wa kwanza husema: Serikali haina fedha. Twauliza, basi mwalimu anayekosekana analipwa na nani? Analipwa na wewe. Nenda katika shule ya serikali iliyo karibu na nyumba za wafanyakazi, utakuta walimu wa bodi, wanaolipwa kwa michango ya wazazi. Elimu ya msingi ni bure kwa sheria, lakini mzazi aambiwa alete pesa za mwalimu, na mtoto asipoleta arudi nyumbani. Kwa hivyo mfanyakazi alipa kodi mara ya kwanza katika mshahara wake, na alipa mara ya pili katika lango la shule. Na yule mwalimu wa bodi, msomi na mwenye cheti, apata fedha ambazo hazimtoshi kodi ya chumba. Fedha zipo, ndugu. Ila zimetolewa katika mfuko wa maskini ili mfuko mwingine usiguswe.

Wa pili husema: heri nusu mkate kuliko kulala njaa; afadhali kijana apate 20,000 kuliko kukaa kijijini. Sisi hatumlaumu kijana. Mtu mwenye njaa hachagui sufuria. Wenye cheti cha ualimu wasio na kazi ya Tume ni zaidi ya laki tatu, na wengine wamemaliza chuo zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wapo wanaoendesha bodaboda, wapo wanaouza mitumba, na tangazo la kazi limekuwa likiwaambia wasiwe wamepita miaka 45. Lakini lawama ni ya yule aijuaye njaa hiyo na kuifanya mizani ya kupimia mshahara. Na tusisahau neno hili: mwajiri akizoea kununua kwa nusu bei, hatarudi kulipa bei kamili kwa hiari yake. Leo ni mwalimu. Kesho ni mpiga ishara, mwuza tikiti, na fundi wa mabehewa. Tutaitwa wanagenzi sote, hata wenye mvi.

Wa tatu husema: kibarua ni mwanzo tu, watu huvumilia. Na hao tuwakumbushe Mombasa. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli walisimama pamoja na wengine wa mji ule kwa siku 12. Wakati huo mtu wa bandarini aliajiriwa asubuhi na kuachwa jioni, na kesho hakujua kama atakula. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka ule ule na kuhamishwa mbali. Lakini Serikali ya kikoloni yenyewe ilikuja kuona ya kuwa bandari haiendi kwa watu wa kuokotwa kila siku, na katika miaka ya 1950 ikaanza kuwaandikisha. Hata Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mwezi. Ikiwa mchukuzi wa magunia alistahili kutolewa katika kazi ya siku, je, mtu atufundishiaye watoto hastahili?

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni la wakubwa wa shule. Nafasi ya mwalimu mkuu au naibu wake ikibaki wazi, mara nyingi mtu huambiwa akaimu. Mwezi wapita, mwaka wapita, bado anakaimu. Abeba funguo, hesabu za fedha, ugomvi wa wazazi na barua za ofisi, lakini cheo si chake na mshahara wake ni ule wa zamani. Sisi twaijua hasara ya hayo. Mtu anayekaimu hana mgongo. Hawezi kumwambia mkubwa "hapana", kwa kuwa kesho aweza kurudishwa chini kwa neno moja. Hawezi kukataa mchango haramu wala fundi wa kujenga aliyeletwa na mheshimiwa. Shule yenye mkuu asiye na mgongo ni kama gari lisilo na breki: laenda vizuri mpaka lifike mteremko.

Na kwa kuwa nafasi ni chache na watu ni wengi, hapo wanasiasa wamepata duka. Mwaka 2025 magazeti yalieleza habari za barua na fomu za kazi ya ualimu kugawanywa na wanasiasa mbele ya watu, kama sukari na blanketi wakati wa kura. Tume ina kanuni zake za kuajiri, na karatasi ya alama inayosema nani amesoma nini na amengoja tangu lini. Basi karatasi hiyo ni ya kazi gani, ikiwa barua yaweza kutoka katika mfuko wa koti? Aliyepewa kazi na mheshimiwa atakuwa mtumishi wa mheshimiwa, na mwenziwe aliyengoja miaka kumi bila ndugu mkubwa atajifunza kwamba cheti ni karatasi ya kufungia maandazi.

Kwa hivyo sisi twasema hivi, na twataka matawi yote yaseme nasi:

1. Mwalimu aliyehitimu na kuandikishwa aajiriwe kwa kazi ya kudumu yenye pensheni tangu siku ya kwanza. Jina la mwanagenzi liachiwe mwanafunzi.

2. Kila nafasi, ya mwalimu na ya mkuu wa shule, itangazwe wazi, na orodha ya walioomba pamoja na alama zao ibandikwe ukutani ambapo kila mtu aweza kuisoma.

3. Waliomaliza chuo zamani watangulizwe, wala umri usifanywe adhabu kwa mtu aliyefungiwa mlango na Serikali yenyewe.

4. Anayekaimu alipwe kwa kazi anayoifanya, na kukaimu kuwe na mwisho unaojulikana.

5. Walimu wa bodi wahesabiwe katika kila wilaya, ili ijulikane ni nafasi ngapi ambazo wazazi wanazilipia badala ya Serikali.

Na wewe mwanachama, kazi yako ni hii. Usiache mkutano wa wazazi uwe wa mama peke yake. Nenda. Simama uulize: shule hii yastahili walimu wangapi, wa Tume ni wangapi, wa bodi ni wangapi, na mwalimu mkuu anakaimu tangu lini? Andika majibu, ulete kwa katibu wa tawi lako. Mheshimiwa akija na barua za kazi mkononi, usipige makofi. Mwulize amezipata wapi.

Walimu wakitoka tena barabarani, asitokee mtu wa reli kuwacheka kwamba wanawapotezea watoto masomo. Masomo ya watoto yalipotea siku ile darasa lilipowekwa bila mwalimu, na siku hiyo hakuna aliyeandamana.

UMOJA NI NGUVU.

Ukisha kusoma, mpe mwenzako.