Gari la Dola Milioni 6: Je, Kazi ya Fundi Hupunguza Thamani?

Matangazo mengi ya magari hapa Kenya hujisifu kwa jambo moja: gari halijaguswa na fundi. Ukilibadilisha injini au turbo, mnunuzi anaanza kukuangalia vibaya na bei inashuka. Basi mbona mnamo Machi 2025, kwenye mnada wa Amelia Island, Florida, gari lililotengenezwa upya na karakana ya kijijini likauzwa kwa zaidi ya dola milioni 6? Hizo ni kama shilingi milioni 780!

Gari lenyewe ni RUF CTR la 1989. Wapenzi wa magari hulijua kwa jina la Yellowbird, yaani Ndege wa Manjano, kutokana na rangi ya lile la kwanza.

Tuanze na historia kidogo. RUF ilianza mwaka wa 1939 kama gereji huko Pfaffenhausen, kusini mwa Ujerumani. Alois Ruf mdogo aliichukua mwaka wa 1974, akajikita kwenye magari ya Porsche. Mwaka wa 1987 akatoa CTR. Alianza na bodi ya Porsche 911 Carrera 3.2, ambayo injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 231. Akaipanua hadi lita 3.4, akafunga turbo mbili, akapata farasi 469. Giaboksi ya gia 5 akaitengeneza mwenyewe. Milango akaiweka ya alumini ili gari liwe jepesi, na mifereji ya maji ya mvua pembeni mwa paa akaiondoa ili upepo upite bila kikwazo.

Matokeo? Mwaka huo huo jarida la Road & Track lilikusanya magari yenye kasi zaidi duniani kwenye uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien. CTR ilifika kilomita 339 kwa saa. Iliishinda Ferrari Testarossa na hata Porsche 959, fahari ya kiwanda chenyewe!

Sisi waandishi wa programu hatushangai. Ubuntu ilijengwa juu ya Debian mwaka wa 2004, na hakuna anayeiita Debian bandia. Kuchukua kazi ya mwingine na kuiendeleza ni uhandisi kamili.

Lakini sikiliza hapa, maana ndipo siri ilipo. CTR zilizotengenezwa na RUF tangu mwanzo ni 29 tu. Zipo nyingine ambazo wateja walileta Porsche zao, nazo zikafungwa vifaa vile vile. Hizo hubaki na nambari ya chasisi ya Porsche, huku zile 29 zikiwa na nambari ya RUF, kwa sababu serikali ya Ujerumani iliitambua RUF kama mtengenezaji wa magari mwaka wa 1981. Ukiendesha unaweza usione tofauti. Sokoni tofauti ni kubwa mno.

Kwa maoni yangu, mnunuzi pale Florida alilipia vitu viwili: ufundi, na ushahidi wa ufundi. Nambari ya chasisi hufanya kazi kama sahihi ya kidijitali kwenye programu. Inakuambia nani alitengeneza, na kwamba yuko tayari kusimama na kazi yake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema fundi huharibu thamani ya gari. Kinachoiharibu ni kazi isiyo na kumbukumbu. Mafundi wa Kirinyaga Road wanaweza kuiongezea Subaru nguvu ikawatoa watu jasho, lakini gari likishauzwa, nani anajua ni turbo gani iliwekwa, lini, na kompyuta ya injini ilibadilishwa vipi? Mnunuzi hana cha kukagua, kwa hiyo anakadiria mabaya na kukata bei. Anayeumia ni fundi hodari, kwa kuwa kazi yake inauzwa bei moja na ya mbabaishaji.

Dawa yake si ghali. Daftari, picha, risiti za vipuri, jina na tarehe. Sisi wa programu tuna desturi ya kuandika kila badiliko la msimbo pamoja na aliyelifanya. Fundi naye afanye hivyo, na mwenye gari asikubali kuondoka gereji bila karatasi hiyo.

Au wewe waonaje?