Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: Anga la ziwa linahitaji macho

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mwaka 2018 droni iliruka kutoka Mwanza ikiwa na dawa, ikavuka Ziwa Victoria hadi kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60 kwa dakika 40. Mzigo huohuo ukipita nchi kavu, kwa kuzungukia Bunda na kusubiri kivuko Kisorya, husafiri kilomita zipatazo 240 kwa saa sita. Majaribio hayo ya kampuni ya DHL, shirika la Kijerumani la GIZ na watengenezaji wa droni Wingcopter yalidumu miezi sita. Oktoba mwaka huohuo Mwanza ikaandaa kongamano la droni la Lake Victoria Challenge, droni zikarushwa kwenda kisiwa cha Juma. Februari 2020 wataalamu wa droni walikutana Kigali, Rwanda, na mashindano ya droni yakafanyika Ziwa Kivu. Wivu kwa jirani si hoja, ingawa unauma. Hoja yangu ni kwamba chombo kilishafaulu mtihani wake. Kilichobaki nyuma ni anga.

Jaribio hutengewa njia: saa inajulikana, na wengine huambiwa wakae mbali. Huduma ya kila siku haiendeshwi hivyo. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko ukingoni mwa ziwa, na ndege zake hupita juu ya maji yaleyale ambayo droni ya visiwani ingeyavuka. Serikali ilitumia zaidi ya shilingi bilioni 60 kununua rada nne za kiraia, mojawapo ya Mwanza, na ilifanya vyema. Lakini rada ya kuongozea ndege hutegemea sana jibu la kifaa kilichomo ndani ya ndege yenyewe. Droni ndogo isiyo na kifaa hicho, ikipita mita mia moja tu juu ya maji, kwa mwongozaji aliye mnarani ni kama haipo.

Kwa hiyo fedha ninazoziombea ni za kuona. Kila droni ya kazi ibebe kifaa cha kujitambulisha. Vipokezi vifungwe kwenye minara ya simu iliyokwisha kusimama visiwani na mwambaoni. Ndege ndogo na helikopta nazo zitangaze zilipo, maana si haki droni peke yake ibebeshwe kazi ya kukwepa. Kisha Mwanza pawe na dawati la waongozaji waliosomea kazi hiyo, linalopokea mpango wa safari na kuujibu kwa dakika chache. Dawati hilo ndilo litakalogharimu zaidi, kwa sababu linadai mishahara mwaka hadi mwaka, na ndilo husahaulika wafadhili wakishafungasha. Kwa kuwa ziwa ni la nchi tatu, viwango vyake vijadiliwe mapema na CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kule Entebbe, tusije tukajenga mfumo unaopofuka mpakani.

Wapo watakaosema kibali cha Mamlaka na cha Wizara ya Ulinzi kinatosha. Kibali humdhibiti anayekiomba. Desemba 2018 uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulivurugikiwa na safari zipatazo 1,000 kwa taarifa za droni ambazo mrushaji wake hakupatikana, na nchi ile haikuwa imekosa sheria. Ukali wa karatasi bila macho angani humbana mwaminifu na kumwacha mkaidi.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: tununueje vipokezi ilhali kuna zahanati zisizo na dawa? Nalikubali nusu. Droni inayobeba kilo nne haiwezi kuwa badala ya meli wala ya bohari iliyojaa, na senti ya afya isiguswe. Mfumo huu ugharimiwe na tozo za uongozaji ndege pamoja na ada za warushaji wenyewe. Lakini tukumbuke pia Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani karibu na Bukoba, wavuvi wakawa wa kwanza kufika. Siku kama hizo ndipo jicho la angani linapohitajika kuliko siku zote, na ndipo helikopta, ndege na droni za kila aina zinapoweza kujazana mahali pamoja. Utaratibu wa kuzipisha hauwezi kuanza kutungwa siku hiyo.

Ombi langu ni dogo: bajeti ijayo ya Mamlaka iwe na kifungu cha njia moja tu, Mwanza hadi Nansio kisiwani Ukerewe, yenye dawati lake na watu wake, na gharama zake zitangazwe hadharani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mwanza